Ule Haukuwa Utani

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiwa imeshawavisha wanaume wazima makoti mawili mawili, tulikuwa kwenye kikao cha harusi katika ukumbi mdogo hapa Kihesa. Katibu anasoma ahadi, watu wanapiga makofi, soda zinazunguka. Akaingia mjumbe aliyechelewa, akaangaza macho, akamwona kijana aliyeketi karibu nami. Akapaza sauti: "Ee! Dada Rehema! Kumbe bado upo?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana naye akacheka. Dakika tano baadaye aliweka bahasha yake ya mchango mezani, akaaga kwa adabu, akatoka.

Nilimfuata nje. Namwita kijana kwa mazoea ya ualimu tu. Ana miaka 34, ni fundi umeme, na mtaa mzima humpigia yeye nyaya zikianza kutoa cheche. Nilimfundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. "Mwalimu," aliniambia, "jina hilo sijalisikia miaka 16. Leo nimelisikia mara moja, ona mikono." Ilikuwa inatetemeka. Yule mjumbe aliyechelewa akatokea nyuma yetu, akampiga begani. "Tulikuwa tunataniana tu, bwana. Usinune."

Neno hilo, kutaniana, ndilo lililonikalisha chini niandike. Maana mimi nilikuwepo. Jina lile lilizaliwa bwenini, likaingia darasani, likafika hadi ofisi ya walimu, nasi tukalicheka. Usiku mmoja nikiwa mwalimu wa zamu nilimkuta amesimama kando ya kitanda, godoro limemwagiwa maji, wenzake wamemzunguka. Nilimgeukia yeye. "Na wewe, kwa nini hutembei kama wanaume wenzako?" Waliomwaga maji wakaenda kulala pakavu.

Nawaandikia watu wazima waliozomewa utotoni kwa sababu ya mwendo wao, sauti yao, au kwa sababu moyo wao ulielekea kwa watu wa jinsia yao. Wengine wenu ni wapenzi wa jinsia moja. Mmelijua hilo tangu mkiwa wadogo na pengine hamjamwambia mtu. Wengine mna wake, waume na watoto, mlibandikwa jina kwa kudhaniwa tu. Ndoo ya maji haikuuliza kwanza nani ni nani.

Lipime kwa kipimo cha utani

Watu wa Iringa hatuhitaji kufundishwa utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni atanisema mimi na ukoo wangu mbele za watu, nami nitamrudishia mpaka akose la kusema. Siku ya msiba wangu atafika, atafanya vituko vyake hadi waliao wacheke, kisha atashika jembe. Utani una masharti: wote wawili wana ruhusa ya kujibu, wote wawili wanacheka, na mmoja akiumia kweli mwingine huacha.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, alitumia vipimo vitatu: kitendo kimekusudiwa kuumiza, kinarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayetenda. Norway ilianzisha kampeni ya kitaifa dhidi ya uonevu shuleni mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua. Bibi yangu, ambaye hakusoma, angevifikia vipimo hivyohivyo kwa njia ya utani.

Basi jiulize leo, ukiwa mtu mzima. Je, ningeweza kumjibu nikabaki salama? Je, nilipolia waliacha? Je, siku ya shida yangu walikuja? Kama majibu ni hapana, hapana, hapana, basi ule haukuwa utani. Ulikuwa uonevu, nawe una haki ya kuuita hivyo hata kama waliokufanyia sasa ni mashemasi, madiwani au mashemeji zako.

Angalia pia maneno yenyewe yanayotumika. Wanawake huitana "shoga" kwa upendo: shoga yangu, njoo tunywe chai. Likirushwa kwa mvulana wa miaka 12, linageuka jiwe. Msichana anayependa mpira huitwa jike dume. Akizidi kuwa karibu na rafiki yake huitwa msagaji, na mara nyingi hazomewi, bali hutengwa. Hakuna anayekaa naye dawati moja, hakuna anayemsuka, na mazungumzo hukatika akiingia. Wengi wa wanawake hawa wakikua husema, "Mimi sikuonewa, hawakunipiga." Kumnyima mtoto watu wa kukaa nao ni kumpiga pia, ila hakuna alama ya kumwonyesha mama nyumbani.

Kwa nini bado linauma

Pengine umejilaumu: mambo ya shule, miaka yote hii, nimekuwa mtoto? Hapana. Watafiti wa London, akiwemo Louise Arseneault, waliwafuatilia zaidi ya Waingereza 7,000 waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Wazazi walikuwa wameulizwa kama mtoto anaonewa, alipokuwa na miaka 7 na 11. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kuwa walioonewa mara kwa mara, walipofika miaka 50, walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao. Takribani miaka 40 ilikuwa imepita.

Mtafiti mwingine wa Uingereza, Ian Rivers, aliwachunguza watu wazima 119, mashoga, wasagaji na wenye mvuto kwa jinsia zote mbili, waliokuwa wameonewa shuleni. Mwaka 2004 aliandika kwamba karibu mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za kiwewe kama zile za watu waliopitia ajali au vita, na takribani robo walisema kumbukumbu hizo bado huwasumbua. Lakini aliona jambo jingine ambalo nataka ulishike: kwa ujumla, watu hao hawakuichukia hali yao. Kilichowasumbua ni yale waliyofanyiwa. Ukitibu jeraha, huna haja ya kumtibu mwenye jeraha asiwe yeye.

Jeraha hili hujificha ndani ya tabia ambazo watu huzisifu. Yupo anayefanya kazi kupita kiasi ili asipatikane na kosa. Yupo mpole kupindukia, asiyeweza kusema hapana. Yupo anayesikia kicheko kituo cha daladala na mgongo unakakamaa, ingawa vijana wale wanacheka mambo yao. Yupo anayepima kila neno kabla halijatoka, na hatua zake kabla hajavuka barabara. Yupo anayeachana na kila anayempenda kabla hajaachwa. Na yupo aliyegeuka kuwa mzomeaji hodari kuliko wote, ili macho yasimrudie yeye.

Anza na mwili

Usianze kwa kusamehe wala kwa kusimulia. Anza na mikono inayotetemeka. Mwili ulijifunza utotoni kwamba kicheko ni hatari, na ulifanya vizuri kujifunza, kwa sababu wakati huo kilikuwa hatari kweli. Sasa hauamini kwamba siku zile zimekwisha. Kuuambia kwa maneno haitoshi, uonyeshe.

Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia mara kumi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mapigo ya moyo. Kisha taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona: bajaji, mwamvuli wa wakala wa simu, ndoo ya parachichi, mbwa, kibao cha duka. Jiambie umri wako wa leo. Fanya zoezi hili kila siku ukiwa umetulia, ili siku ya kicheko mwili uwe unaijua njia ya kurudi.

Hapa niseme kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Masika mianzi ikitoa, kila kilabu kina mtogwa mtamu asubuhi na mkangafu jioni, na hakuna rafiki anayesahaulisha haraka kama huyo. Ila pombe hukopesha usingizi na kudai kwa riba alfajiri, na huiongeza sonona. Kama hunywi ila ukiwa umeumia, au ukiumia lazima unywe, hesabu hilo kama dalili ya kumpelekea daktari.

Mwangalie mtoto yule

Asubuhi simama kidogo barabarani watoto wanapokwenda shule, sweta zimevutwa hadi vidoleni. Tafuta mmoja mwenye umri uliokuwa nao walipoanza kukuita jina lile. Tazama ukubwa wake. Sasa jaribu kumwambia, moyoni, maneno unayojiambia mwenyewe: ulijitakia, ungetembea vizuri, ungewapiga. Hutaweza. Mtoto yule ni mdogo mno. Nawe ulikuwa mdogo hivyo.

Ukirudi nyumbani, andika. Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, Januari 2014 alichapisha insha kwa mama yake aliyefariki mwaka 2000, akimwambia kile ambacho hakuwahi kumwambia akiwa hai: kwamba yeye ni shoga na amelijua hilo tangu akiwa na miaka mitano. Yeye aliitangaza duniani. Wewe huna haja. Mwandikie mama, au mwalimu wa zamu, au mtoto uliyekuwa. Andika kilichotokea, nani alikuwepo, ulitamani nani aseme nini. Dakika 15, siku tatu au nne. Ukiona unazidi kuzama badala ya kupata nafuu, acha, utaendelea ukiwa na mtu wa kukushika mkono. Kama unaishi na watu wanaopekua, chana au choma ukimaliza, na usiandike kwenye simu isiyo na namba ya siri. Faida iko katika kuandika, hata karatasi isipobaki.

Mtu mmoja, na ukweli kwa kipimo

Tuseme wazi hali ya nchi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huadhibu mahusiano ya kimwili kati ya wanaume, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Majirani nao wana mahakama yao. Kwa hiyo sitakuambia, kama vitabu vya ng'ambo vinavyosema, uende ukaseme kila kitu kwa kila mtu. Lakini kuna mambo mawili usiyachanganye: hali yako ni siri yako, kuonewa kwako si siri ya aibu. Unaweza kusema "nilionewa sana shuleni na bado linanisumbua" bila kueleza walikuita nini.

Tafuta mtu mmoja. Mpime kwanza kwa jambo dogo: mwambie kitu kisicho na hatari, kaa mwezi, uone kama kitakurudia kupitia mdomo mwingine. Sikiliza anavyowasema wasiokuwepo. Ndivyo atakavyokusema wewe. Mtu mmoja aliyefaulu mtihani huu ni bora kuliko kundi la simu lenye watu mia usiowajua, ambamo picha moja ya skrini inaweza kukuharibia maisha.

Wapo waliozunguka makanisa, misikiti na waganga wakitafuta kubadilishwa. Sikuambii uache kusali. Mimi mwenyewe nasali. Ila ujue kwamba tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa, na wanaodai kuyatibu mara nyingi humwongezea mtu aibu ileile aliyoanza kuibeba bwenini. Chagua kiongozi wa dini ambaye ukitoka kwake unapumua vizuri zaidi kuliko ulivyoingia.

Lini uende hospitali

Kama kwa majuma mawili au zaidi huna raha siku nzima, huna hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, kazi haishikiki, hiyo huenda ni sonona, na sonona hutibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Barabara ya kwenda Dodoma inapita hapahapa Kihesa, na tumekua tukitishana kwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko huko, kana kwamba kila mwenye huzuni hupakiwa basi la huko. Si hivyo. Kliniki ya afya ya akili ipo hata hospitali ya rufaa ya mkoa. Unaenda, unazungumza, unarudi nyumbani kupika.

Siku ya kwanza anza na dalili: silali, nashtuka, nalia. Kisha uliza, "Ninachosema hapa kinaandikwa wapi, na nani anasoma?" Mtaalamu mzuri hatakasirishwa na swali hilo. Ukijibiwa kwa mahubiri au kwa kejeli, huyo siye. Ondoka, tafuta mwingine. Ungefanya vivyo hivyo kwa fundi aliyekuharibia paa.

Na kuhusu kufa. Nchi nzima hututania Wahehe kwamba mtu wetu akikaripiwa tu hujiua, na hadithi ya Mkwawa, mtawala wetu aliyejipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate, husimuliwa kwa fahari. Utani mwingine wote naupokea, huu naurudisha kwa mwenyewe, kwa sababu unamfanya mtu anayesema "nimechoka kuishi" aonekane anachekesha. Ukiwa na mawazo hayo, mwambie mtu leo, kwa maneno yasiyo na fumbo. Usilale peke yako. Mpe mtu huyo akuhifadhie dawa na sumu za shambani zilizomo nyumbani, kisha mwende pamoja hospitali. Mawazo haya huja kama wimbi. Ukivushwa usiku, mara nyingi asubuhi hupungua nguvu. Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, usimjibu kwa mzaha wala kwa mstari wa kitabu. Kaa naye.

Ukikutana naye

Iringa ni mji mdogo. Aliyekumwagia maji utamkuta sokoni, msibani, au upande wa bibi harusi. Tayarisha sentensi moja mapema, fupi, isiyo na matusi wala maelezo: "Jina langu unalijua, niite hilo." Iseme mara moja, nyamaza. Ukiona mahali pana hatari, au yuko na kundi na wamelewa, usiseme kitu. Kuondoka si kushindwa.

Msamaha usiharakishwe na mtu. Anayekuambia samehe mara nyingi anataka kikao kiendelee. Unaweza kuacha chuki bila kurudisha urafiki, na unaweza kusubiri aombe radhi kwanza. Akija kweli kuomba, hulazimiki kumjibu siku hiyohiyo.

Kwa mwenye mtoto leo

Wewe uliyeonewa huenda una mtoto, au mpwa, anayerudi nyumbani akiwa kimya. Na wewe ambaye hukuonewa unayo kazi vilevile. Uchunguzi wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya Watanzania walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ndugu zetu wa Mbeya hawajasahau Oktoba 2016, video ilipoenea nchi nzima ikionyesha walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi mmoja ofisini, wengi kwa mmoja. Hatua zilichukuliwa kwa sababu kuna mtu alirekodi. Watoto wetu hawawezi kungoja mpaka kila bweni liwe na kamera.

Mtoto akikuambia anaitwa jina, usimwulize anatembeaje. Muulize: nani alikuwepo, lilianza lini, wapi, mara ngapi. Andika tarehe. Peleka shuleni maandishi hayo, si hasira peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi na ukatili dhidi ya mtoto yeyote, bila kuuliza kwanza ni mtoto wa namna gani. Shule ikipuuza, nenda ofisi ya ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya simu kwa mtoto, ni bure. Mwambie mtoto pia kuhusu wanaotazama: Finland wamejenga mpango mzima wa shule juu ya hao, kwa sababu mwonevu hutafuta watazamaji, na mtazamaji mmoja akiinuka na kwenda kukaa na anayeonewa, mchezo huharibika.

Na kama unahisi mwanao ni miongoni mwa wale niliowaandikia makala hii, kumbuka jambo moja. Mtafiti Mmarekani Caitlin Ryan alionyesha mwaka 2009 kwamba vijana wenye mvuto kwa jinsia yao waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nane wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Huhitaji kuwa na jibu la kila swali la dini na mila ili usimfukuze mezani. Mpakulie chakula.

Nilimtafuta fundi wangu wiki ile. Nilimkuta juu ya ngazi, nikangoja ashuke. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Nikamwomba radhi kwa usiku ule wa godoro, bila "lakini", kwa sababu radhi yenye lakini ni mashtaka mapya. Alikusanya nyaya zake taratibu. Hakusema amenisamehe, nami sikumdai.

Alichosema ni hiki: "Mwalimu, siku nyingine muulize aliyeshika ndoo."